Utando Unaotangulia: Ganda la Ndizi, Kikombe cha Chai na Mpira wa Mkojo

Katika majiko mengi ya Tukuyu na vijiji vya Rungwe zipo alama mbili ambazo wenyeji wamezizoea kiasi cha kutozitazama tena. Ya kwanza iko kwenye kisu cha kumenyea ndizi mbichi: chuma kimekuwa cheusi kuanzia makalini, na weusi huo hauondoki kwa kusuuzwa. Ya pili iko ndani ya kikombe cha chai ya rangi: mstari wa hudhurungi unaoonyesha chai ilikoishia, ambao hutoka ukisuguliwa kwa majivu na kurudi baada ya siku chache. Mwenye jiko akiulizwa atasema huo ni uchafu tu. Kwa macho ya kemia, zote mbili ni tando nyembamba za molekuli zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe na kukishika kitu kilicho chini yake, na ni ndugu wa karibu wa tando ambazo maabara za sayansi ya tiba zinazijaribu leo juu ya vifaa vinavyoingizwa mwilini, ukiwemo mpira wa mkojo.

Undugu huo unamhusu, kwa mfano, mzee wa Mwakaleli ambaye tezi dume yake imetanuka na kuiminya njia ya mkojo. Amewekewa mpira, amerudishwa nyumbani, na anangoja zamu yake ya upasuaji. Mpira huo utakaa kibofuni kwa wiki kadhaa. Ukiziba usiku wa masika, maumivu yake hayavumiliki, na barabara ya kuteremkia Tukuyu ni ndefu. Kinachouziba nacho huanza kama utando. Swali la makala haya ni namna tando za aina hii zinavyofanyika juu ya vitu, na kwa nini watafiti wanatumaini kwamba utando mmoja unaweza kutumiwa kuuzuia mwingine.

Hakuna uso unaobaki mtupu

Kitu chochote kigumu kinapoingia katika kimiminika chenye viumbe au mazao ya viumbe, kama vile mate, damu, mkojo au maji ya bahari, hufunikwa mara moja. Mfano ulio karibu zaidi ni jino. Mtu anapomaliza kupiga mswaki, jino lake huwa tupu kwa muda mfupi mno. Katika sekunde na dakika zinazofuata, protini za mate hujipanga juu yake na kufanya utando usioonekana. Utando huo wa kwanza hauna ubaya, tena hulikinga jino dhidi ya asidi. Lakini ndio unaoamua ni bakteria gani watapata pa kushika. Baada ya saa kadhaa bakteria wa mwanzo huwa wameshika, wamezaana na kutoa ute wa kujifunika, na ulimi huanza kuhisi kile ambacho Waswahili wamekiita ukoga tangu zamani.

Mpira wa mkojo hupitia njia ileile. Protini na chumvi za mkojo huutandaa kwanza. Bakteria hufuata, wengi wao wakitoka katika ngozi na utumbo wa mgonjwa mwenyewe, wakipanda kwa upande wa nje wa mpira au kwa ndani kutokea kwenye mfuko. Wakishajenga utando wao, dawa za antibiotiki huwafikia kwa shida, na chembe nyeupe za damu huhangaika nje ya ute kama watu waliofungiwa mlango. Ndiyo sababu homa ya mgonjwa mwenye mpira inaweza kutulia kwa dawa kisha ikarudi: bakteria wanaoelea kwenye mkojo wamekufa, ila walio ndani ya utando wamesalia.

Mwaka 1987 Anthony Gristina, daktari wa mifupa wa Marekani, aliandika katika jarida la Science kwamba kinachotokea juu ya kifaa kilichopandikizwa mwilini ni mbio. Seli za mwili na bakteria huuwania uso mmoja, na atakayetangulia humzibia mwenzake nafasi. Fikra hiyo iliwapa wahandisi wa vifaa tiba swali jipya. Ikiwa uso utafunikwa kwa vyovyote vile, kwa nini usifunikwe mapema kwa utando uliochaguliwa, kabla ya mgonjwa kuuona mpira wenyewe?

Jibu lilichelewa kwa sababu moja ya msingi. Mipira ya mkojo hutengenezwa kwa utomvu wa mpira au kwa silikoni, na silikoni hasa ni kitu ambacho karibu hakuna kinachokishika vizuri. Isitoshe, utando unaotakiwa lazima udumu ndani ya maji. Mtu yeyote aliyewahi kubandika plasta juu ya ngozi yenye unyevu anajua ilivyo taabu. Maji hutangulia kuushika uso, na gundi inapofika hujikuta inashika maji.

Somo kutoka kwa kome

Kuna mnyama aliyelitatua tatizo hilo zamani sana. Kome, mnyama wa baharini mwenye kombe mbili, hujifunga kwenye mwamba kwa nyuzi nyembamba zenye kitako kidogo mwishoni, na mawimbi hayamng'oi. Mwaka 1981 Herbert Waite na Marvin Tanzer waliripoti kwamba protini ya gundi ya kome ina kiasi kikubwa cha kiungo kiitwacho dopa. Madaktari wanakifahamu kiungo hicho kwa jina jingine, levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Inashangaza kidogo kuwa molekuli inayomrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea ndiyo inayomfunga kome mahali pamoja, lakini maumbile hayana desturi ya kutupa chombo kinachofaa kazi mbili.

Siri ya dopa iko katika sehemu yake moja inayoitwa katekoli. Ni pete ya atomi sita za kaboni, na katika atomi mbili zilizo jirani yametokeza makundi mawili ya oksijeni na hidrojeni. Makundi hayo ni kama vidole viwili vilivyokaribiana. Huweza kukamata atomi ya metali kutoka pande mbili, huweza kushikana na oksijeni iliyo juu ya jiwe au kioo, na pete yenyewe hulala bapa juu ya plastiki ambazo vidole havipati pa kushika. Kwa hiyo katekoli ina njia ya kushika kwa karibu kila aina ya uso, na ni hodari wa kuyasukuma maji pembeni ili ifike.

Mwaka 2007 Haeshin Lee, Phillip Messersmith na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walijiuliza kama kuna haja ya protini nzima ya kome. Walichukua dopamini, molekuli ndogo yenye katekoli upande mmoja na kundi la naitrojeni upande wa pili, wakayeyusha miligramu 2 katika kila mililita ya maji yaliyowekwa katika hali ya alkali kidogo, pH 8.5, inayokaribiana na ile ya bahari. Kisha wakatumbukiza humo vitu vya kila aina: metali, kioo, plastiki, hata Teflon ambayo watu huijua kwenye vikaango visivyoshika chakula. Baada ya saa 24 vyote vilikuwa na utando wa hudhurungi unaofikia unene wa nanomita 50. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hapakuwa na joto kali, mashine wala kemikali ya hatari. Kitu kilichovywa na kuachwa kikatoka kimevikwa.

Msomaji wa Rungwe hana haja ya kwenda Northwestern kuiona kemia hiyo. Mwaka 1959 ilikwisha kuripotiwa katika jarida la Nature kwamba kinachofanya ganda la ndizi kuwa jeusi ni dopamini hiyohiyo, ambayo ganda limejaa. Ganda likiwa zima, dopamini huwekwa chumba chake na kimeng'enya kinachoigeuza huwekwa chumba kingine. Ndizi ikigongwa garini kuelekea sokoni, kuta za vyumba hivyo hupasuka, viwili hivyo hukutana, oksijeni ya hewa huingia, na doa jeusi hutokea mahali palepale palipogongwa. Tofauti na maabara ni kwamba ndizi hutumia kimeng'enya, ilhali maabara hutumia hali ya alkali kuiharakisha kazi. Matokeo ni polima za ukoo mmoja. Mama anayezitumbukiza ndizi alizozimenya ndani ya sufuria ya maji ili zisiwe nyeusi anazinyima oksijeni, na anayekamulia limau anazipa asidi ambayo hukidhoofisha kimeng'enya.

Hapa panafaa tahadhari ndogo, kwa kuwa habari za dopamini ya ndizi zimezua uvumi. Dopamini inayoliwa haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndizi ni chakula kizuri kwa sababu nyingine, wala hakuna mgonjwa wa Parkinson au wa sonona anayepaswa kuacha dawa zake kwa ajili ya maganda.

Namna utando unavyojengwa

Anayetaka kuelewa ujenzi wa utando huu anaweza kuanza na nyumba ya udongo inayokandikwa. Konzi ya kwanza ya udongo ndiyo yenye kazi ngumu, kwani lazima ishike fito. Konzi zinazofuata zinashika udongo ulio sawa na zenyewe. Ukuta ukianguka mvua ya kwanza, mara nyingi kosa lilikuwa pale mwanzo.

Hatua ya kwanza ya utando, basi, ni kufika na kushika. Molekuli zilizoyeyuka huzurura ndani ya maji bila mpango, zikigongana na maji na zenyewe kwa zenyewe, na baadhi hugusa uso. Kila mguso mmoja ni dhaifu na molekuli inaweza kung'oka tena. Kinachozibakiza ni wingi wa vishikio. Molekuli yenye vidole viwili au ishirini haiwezi kuachiliwa na vyote kwa wakati mmoja, na wakati kimoja kinaachia, kingine kimeshika. Ndiyo maana polifenoli kubwa zenye pete nyingi hushika kwa uthabiti kuliko pete moja iliyo peke yake.

Hatua ya pili ni ya oksijeni. Katekoli ikiwa katika hali ya alkali, au ikiwa imeguswa na kimeng'enya, hunyang'anywa elektroni na kugeuka kuwa kwinoni. Kwinoni haina utulivu. Hutafuta jirani wa kuungana naye, iwe katekoli nyingine, iwe kundi la naitrojeni, na muungano huo ni wa kudumu. Pete zikiungana mbili, tatu, kumi, mfumo wake wa elektroni hupanuka na kumeza mwanga zaidi. Mabadiliko ya rangi ambayo jicho linayaona, kutoka maji maangavu hadi ya waridi, hudhurungi na hatimaye karibu nyeusi, ni hesabu ya kuungana huko. Weusi wa ganda na weusi wa utando wa maabara husomwa kwa namna moja.

Baada ya hapo utando hunenepa, na hunenepa kwa vyanzo viwili. Kuna molekuli moja moja zinazofika na kujiunga ukutani, ambazo huufanya utando uwe laini na wenye unene ulio sawa. Kuna pia mabonge yaliyokwisha kuungana huko majini, yanayotua juu ya utando kama masizi na kuufanya uwe na vipele. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani cha polidopamini kimeungana kwa vifungo vya kudumu na kiasi gani kimerundikana tu kwa nguvu dhaifu. Ubishi huo unamhusu mgonjwa pia, kwa sababu bonge lililotua bila kushikwa vizuri linaweza kumeguka ndani ya kibofu.

Unene huishia mahali fulani. Malighafi nyingi huishia kwenye mabonge ya majini badala ya kwenye uso, na kimiminika kikichoka, ukuta haukui tena. Anayetaka utando mnene zaidi humwaga kile kimiminika na kuanza na kipya. Kikombe cha chai hufanya hivyo bila kuambiwa: kila asubuhi hupata chai mpya, na kila asubuhi huongezewa tabaka.

Chai, ukakasi na chuma

Rungwe ina historia ndefu na molekuli hizi. Kyimbila, karibu na Tukuyu, pamoja na Amani kule Usambara, ndiko Wajerumani walikoanza kupanda chai katika nchi hii. Jani bichi la chai lina polifenoli nyingi za jamii ya katekini. Katika viwanda kama cha Katumba, majani hunyaushwa, hukatwakatwa na kuachwa yapate hewa kabla ya kukaushwa kwa moto. Katika muda huo mfupi wa hewa kimeng'enya cha jani huziunganisha katekini kuwa molekuli kubwa zaidi za rangi ya dhahabu na wekundu wa udongo. Moto wa kukaushia huikatiza kazi. Chai nyeusi, kwa namna fulani, ni utando uliozuiwa njiani kabla haujapata uso wa kujitanda. Kikombe huupatia uso huo.

Kikombe si cha kwanza kushikwa. Polifenoli huanza na ulimi. Mate yana protini za kulainisha, na polifenoli huzikamata na kuzikunja, hata ulimi ukabaki bila mafuta yake, kama ilivyo kwa mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Kiswahili kinalo neno kamili la hali hiyo, ukakasi. Maziwa huupunguza ukakasi wa chai kwa sababu polifenoli hukutana na protini za maziwa kwanza na kushughulika nazo.

Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wa chai katika taaluma hii. Messersmith na wenzake walitangaza tando zisizo na rangi zilizotokana na polifenoli za aina inayopatikana katika chai, divai na chokoleti. Walionyesha kwamba asidi ya taniki na pairogaloli, ambazo zina vidole vitatu katika pete badala ya viwili, huvika vitu vingi kama polidopamini inavyofanya, bila weusi wake na kwa gharama ndogo kuliko dopamini. Katika vyombo vya maabara tando hizo ziliweza pia kuua bakteria. Mwaka huohuo kundi la Frank Caruso wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, lilichanganya asidi ya taniki na chumvi ya chuma ndani ya maji na kupata utando wa takribani nanomita 10 kwa muda mfupi mno, bila kungoja oksijeni. Atomi ya chuma hukaa katikati, molekuli kadhaa za tanini huikamata kwa vidole vyao, na mtandao hutandaa juu ya chochote kilicho karibu.

Msomaji atakuwa amekwisha kukumbuka kisu. Weusi wa kisu cha kumenyea ndizi una mchango mkubwa wa kemia hiyohiyo, tanini za utomvu zikikamatana na chuma cha kisu chenyewe. Wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa hivyo.

Kabla ya kurudi kibofuni, inafaa kusimama kidogo tumboni, maana mshiko huu una upande usiopendeza. Polifenoli ya chai haijui kama chuma ilichokutana nacho ni cha kisu au cha chakula. Ndani ya tumbo na utumbo hukikamata chuma cha maharage, cha mboga na cha vidonge vya kuongeza damu, na chuma kilichokamatwa hupita bila kufyonzwa. Jambo hili lilipimwa nchini Afrika Kusini na matokeo yakachapishwa mwaka 1975, na vipimo vingi vya baadaye vimelithibitisha. Katika wilaya ambayo chai huota mlangoni, mama mjamzito anayemeza kidonge chake kwa chai ya rangi anakifunga kidonge kabla hakijamsaidia. Kidonge kimezwe kwa maji, na chai ingoje saa moja au zaidi kabla na baada ya kidonge au mlo. Ushauri huo hauna gharama, na huenda ndiyo faida ya haraka kuliko zote ambayo kemia ya tando inaweza kumpa mkazi wa Rungwe leo.

Mpira ndani ya kibofu

Ipo njia nyingine ambayo maumbile yangeweza kuigwa, nayo inaonekana kila mvua inyeshapo shambani. Jani la gimbi halilowi. Tone hukaa juu yake kama shanga na kuteremka likibeba vumbi. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walieleza mwaka 1997 kuwa majani ya namna hiyo yana vipele vidogo mno vilivyopakwa nta, na tone hukalia ncha za vipele huku hewa ikibaki chini yake. Wazo la mpira wenye uso kama jani la gimbi linavutia, ila lina kasoro. Jani huguswa na tone kisha likakauka, wakati mpira hulowekwa mchana na usiku. Hewa iliyo kati ya vipele huyeyuka polepole na kuondoka, na vipele vilivyokuwa kinga hugeuka kuwa mashimo ya bakteria kujificha.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Kwa kila siku ambayo mpira umekaa, uwezekano wa bakteria kuonekana katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na baada ya mwezi mmoja karibu kila mgonjwa anao. Si wote wanaougua. Lakini akiwemo bakteria aitwaye Proteus mirabilis, mambo hubadilika. Proteus huivunja urea ya mkojo na kutoa amonia. Amonia huugeuza mkojo kuwa alkali, na katika mkojo wa alkali chumvi za fosfati, zenye magnesiamu na kalsiamu, haziwezi kubaki zimeyeyuka. Huganda kuwa fuwele ndani ya utando wa bakteria, tabaka juu ya tabaka, hadi tundu la mpira linaziba kama bomba lililojaa chokaa. Mkojo hurudi nyuma, kibofu hujaa, na maambukizo yanaweza kupanda kwenye figo na kuingia katika damu.

Je, mipako ya kuua bakteria haijajaribiwa? Imejaribiwa, na matokeo yake yanapaswa kumfanya kila mtafiti awe mnyenyekevu. Mipira iliyopakwa madini ya fedha ilifanya vizuri maabarani na ikauzwa kwa matumaini makubwa. Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali 24 za Uingereza, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi, na matokeo yakatangazwa katika The Lancet mwaka 2012. Mipira yenye fedha haikupunguza maambukizo yenye dalili kwa kiasi chenye maana kwa mgonjwa. Moja ya maelezo yanayokubalika ni lile la mwanzo wa makala haya. Protini za mkojo ziliifunika fedha, bakteria wakasimama juu ya protini, na fedha ikabaki chini yao kama hazina iliyozikwa.

Kwa hiyo tando zilizoigwa kutoka kwa kome na chai hazipaswi kusifiwa kwa sababu zinaua bakteria katika kisahani. Thamani yake kubwa iko kwingine, katika kushika. Polidopamini au polifenoli zinaweza kuwa konzi ya kwanza ya udongo juu ya silikoni, kisha juu yake zikafungwa nyuzi ndefu za polima zinazopenda maji. Nyuzi hizo huvuta maji na kujitandaza kama nyasi zilizolowa, na protini inayotaka kutua hukuta maji yamekalia kila nafasi. Hapo utando wa protini huchelewa, na bakteria anayeutegemea huchelewa pamoja nao. Polidopamini inaweza pia kuigeuza chumvi ya fedha kuwa metali na kuishikilia, lakini baada ya mwaka 2012 njia hiyo inadai ushahidi zaidi kuliko ile ya nyuzi.

Njiani kuna mitihani isiyo na umaarufu ambayo huua mipako mingi. Utando lazima uvumilie kutakaswa kiwandani, ukae stoo kwenye joto, upinde pamoja na mpira bila kupasuka, upite katika njia ya mkojo bila kukwanguka, na usiidhuru ngozi laini ya ndani. Halafu lazima ukabiliane na Proteus. Kwa mtihani huo David Stickler na wenzake wa Cardiff, Uingereza, waliunda kibofu cha kioo: chombo kilichowekwa katika joto la mwili, chenye mpira wa kawaida ndani yake na mkojo unaodondoka bila kukoma. Bakteria hutiwa, saa huanza kuhesabiwa, na mpira ukiziba saa husimamishwa. Mpako unaochelewesha kuziba kwa saa chache tu haujamsaidia mzee wa Mwakaleli, ambaye anahitaji wiki.

Kwa sasa, mgonjwa anayetoka hospitali ya Makandana mjini Tukuyu au ya Igogwe akiwa na mpira hubeba mpira wa kawaida, na kinga yake iko katika mambo ya mikono. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuugusa mpira au kumwaga mkojo. Mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, hata usiku kitandani. Kiungio kati ya mpira na mfuko kisifunguliwe ovyo, kwa kuwa hapo ndipo bakteria hupata mlango wa ndani. Mpira usipindwe wala kulaliwa. Maji yanywewe ya kutosha kuufanya mkojo uwe mwepesi, isipokuwa daktari ameweka kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Siku ya kubadilisha au kutoa mpira iandikwe mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anaweza kuisoma, na isipite. Mkojo ukianza kuvuja pembeni ya mpira, ukiwa na changarawe nyeupe, au homa ikija na kutetemeka, mgonjwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mkojo ukikoma kabisa huku tumbo la chini likijaa na kuuma, aondoke saa hiyohiyo, bila kungoja mvua ikatike.